Mshororo wa Kumi na Moja

Katika miezi ya kuchipua ya mwaka 1819, mshairi wa Kiingereza John Keats alipata ubeti uliomkaa vizuri. Ulikuwa na mishororo kumi: minne ya mwanzo yenye vina vya kupokezana, na sita ya mwisho yenye vina vitatu vinavyorudi kwa zamu. Kwa ubeti huo alitunga Ode to a Nightingale, Ode on a Grecian Urn na Ode on Melancholy, tungo ambazo peke yake zingetosha kumpa mtu nafasi ya kudumu katika fasihi ya Kiingereza. Ilipofika Septemba, akiwa Winchester, kusini mwa Uingereza, akaandika To Autumn, shairi la majira ya mapukutiko, na safari hii akaongeza mshororo mmoja katika kila ubeti. Beti tatu, mishororo 33 kwa jumla.

Nataka tukae na mshororo huo wa ziada, kwa sababu ulimbwende, mkondo wa ushairi ambamo Keats huwekwa, umezungumzwa mno kwa maneno makubwa, na maneno makubwa hayaonyeshi jinsi kazi ilivyofanywa. Tunafundishwa kwamba walimbwende walitukuza hisia kuliko akili, maumbile kuliko mji, nafsi ya mtu kuliko kanuni. Tunaelezwa jinsi mshairi Wordsworth, katika dibaji yake ya mwaka 1800 kwa Lyrical Ballads, alivyouona ushairi mzuri kuwa ni hisia kali zinazofurika zenyewe. Na Keats, Februari 1818, alimwandikia mchapishaji wake John Taylor kwamba ushairi uje kama mti unavyotoa majani, la sivyo ni afadhali usije kabisa.

Barua hiyo inapendwa sana madarasani. Kinachosahaulika ni kwamba aliyeiandika alikuwa mtu wa mafunzo ya mikono. Alianza uanagenzi kwa tabibu mpasuaji huko Edmonton akiwa bado kijana mdogo, akasomea Guy's Hospital mjini London, na Julai 1816 akafaulu mtihani uliompa ruhusa ya kutibu na kutengeneza dawa. Alikuwa amefunga vidonda na kusimama kando ya meza ya upasuaji, enzi ambazo hapakuwa na dawa ya kumlaza mgonjwa usingizi. Aliiacha kazi hiyo kwa ajili ya ushairi, lakini hakuacha tabia ya mtu aliyefunzwa kwamba mkono hupata ustadi kwa kurudia. Mti hutoa majani kwa urahisi, ni kweli, ila mizizi yake imekuwa kazini muda mrefu.

Ushahidi upo katika barua nyingine, ile ndefu aliyomwandikia mdogo wake George aliyehamia Marekani, akiiongeza kipande kwa kipande kati ya Februari na Mei 1819. Humo anaeleza kwamba ameichoka soneti. Soneti ya Kiitaliano inamwelemea kwa vina vinavyorudi kwa nguvu mno mahali pamoja. Soneti ya Kiingereza, ile ya Shakespeare, inakwenda kwa huzuni mno, na mishororo yake miwili ya mwisho yenye kina kimoja ni nadra kupendeza. Hii ni lugha ya fundi anayelalamikia zana. Naye hakuishia kulalamika: alichukua mishororo minne ya kwanza kutoka upande wa Shakespeare, akachukua sita kutoka upande wa Waitaliano, akaunga. Ndipo ukapatikana ule ubeti wa mishororo kumi.

Msomaji wa ushairi wa Kiswahili ataielewa haraka shida ya mishororo miwili ya mwisho. Tumelelewa na tarbia. Tunangoja kituo, na kikija tunajua ubeti umefika mwisho, tunaweza kuitikia, malenga anaweza kuvuta pumzi. Kufunga ubeti ni fadhila katika utunzi wetu. Keats alikuwa na jambo la kusema ambalo kufunga kungeliua. Kwa hiyo katika To Autumn alifanya kitu cha ajabu: alirudisha ile jozi ya vina aliyokuwa akiilalamikia, lakini akaiweka katika mshororo wa tisa na wa kumi. Sikio linasikia vina viwili vikifuatana, linadhani tumefika, linajitayarisha kupumzika. Kisha unakuja mshororo mmoja zaidi, wenye kina kilichosikika mara moja tu, huko nyuma katika mshororo wa saba, ambacho tulikuwa tumeshakisahau. Kina hicho kinapolipwa, ubeti unakamilika, lakini unakamilika baada ya kutupitisha pale tulipodhani ni mwisho.

Tazama kazi inayofanywa na mshororo huo katika ubeti wa kwanza. Ubeti wote ni wa kujaza. Ukungu, jua lililokomaa, mizabibu iliyopanda kwenye mapaa ya nyasi, matufaha yaliyoinamisha matawi, mamung'unye yanayovimba, kokwa zinazonenepa ndani ya maganda. Kisha maua, na maua tena, kwa ajili ya nyuki. Katika jozi ya tisa na kumi nyuki wanaamini kwamba siku za joto hazitakwisha. Ubeti wa mishororo kumi ungekoma hapo, na ungekuwa ubeti mzuri kuhusu udanganyifu. Mshororo wa kumi na moja unaongeza kwamba masega yao yamekwisha kujaa hadi kufurika. Ubeti wenyewe umefanya kama masega: umejaa, umeongezewa, umemwagika. Na ukiusoma kwa jicho la sarufi utagundua kwamba hauna kitenzi kikuu. Ni mwito mrefu kwa majira, sifa juu ya sifa, tendo juu ya tendo linaloning'inia, na sentensi haifiki mahali pa kusema jambo fulani limetendeka. Sijui mshairi mwingine wa Kiingereza aliyeandika mishororo kumi na mmoja isiyo na kitenzi kikuu bila msomaji kuhisi upungufu wowote.

Ubeti wa pili nitaurudia baadaye, kwa kuwa ndipo ugomvi wa wahakiki ulipo. Wa tatu ni wa sauti. Ule wa kwanza ulikuwa wa kugusa na kuonja, wa pili wa kutazama, na huu wa tatu unasikiliza. Anauliza nyimbo za majira ya kuchipua ziko wapi, anakataa kuzisikitikia, halafu anaanza kutaja sauti za jioni moja ya mwisho wa mavuno: usubi juu ya mto kati ya mierebi, wakipanda na kushuka kwa kadiri upepo unavyovuma, kondoo wakilia kutoka mlimani, nyenje katika ua wa miti, robini katika bustani, na mwisho mbayuwayu angani. Kondoo hao anawaita wanakondoo, lakini anaongeza kwamba wamekwisha kukua. Mwanakondoo aliyekua ni kondoo, kila mfugaji anajua. Keats alitaka msomaji auone mwaka mzima katika mnyama mmoja: aliyezaliwa wakati wa kuchipua sasa ametimia, na kwa mnyama wa kufugwa kutimia kuna maana yake. Hakuna neno la kifo hapo. Halihitajiki.

Muswada wa shairi hili umehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Harvard, na makato yake yanafundisha kuliko vitabu vingi vya nadharia. Katika ubeti huu wa tatu, mbele ya jua linalotua, awali aliweka wingu moja lililopakwa dhahabu, pambo ambalo mshairi yeyote wa enzi yake angeliokota njiani. Akalifuta. Akaweka mawingu ya mafungu, na kuyapa kitenzi cha maua, cha kuchanua. Kwa hilo siku inayokwisha ikapewa tendo la majira ya kuanza, na mwanga wake ukatua juu ya mabua ya mashamba yaliyovunwa na kuyatia rangi ya waridi. Septemba 21 alimwandikia rafiki yake John Hamilton Reynolds kwamba Jumapili iliyopita, katika matembezi, mabua hayo yalimvutia kuliko ubichi wa baridi wa majira ya kuchipua, kwa sababu yalionekana yana joto. Jumapili hiyo ilikuwa tarehe 19. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Badiliko la pili ni dogo zaidi, na ndilo ninalolistahi zaidi. Katika muswada mbayuwayu wa mshororo wa mwisho wamekwisha kukusanyika. Katika kitabu kilichochapishwa Julai 1820 bado wanakusanyika. Ni kiambishi tu kilichobadilika mwishoni mwa neno, lakini shairi lote linakitegemea. Wakiwa wamekusanyika, majira yamekwisha na tunaaga. Wakiwa wanakusanyika, tuko bado ndani ya alasiri ile na hakuna aliyeondoka. Mtu aliyekuwa akiunda ubeti unaokataa kufunga hangeweza kuliacha neno lililofunga likae mahali pa mwisho kabisa.

Mbayuwayu hao wanatuhusu. Enzi za Keats wataalamu wa viumbe walikuwa bado wanabishana kama ndege hawa huhama au hujificha Ulaya kwa usingizi wa baridi. Leo inajulikana kwamba mbayuwayu wa Uingereza huvuka Sahara na kwenda hadi Afrika Kusini, na ndugu zao kutoka sehemu nyingine za Ulaya na Asia huanza kufika Afrika Mashariki kuanzia Septemba. Huku kwetu wanaonekana wakijipanga kwenye nyaya za umeme vuli inapokaribia. Kwa msomaji wa Dodoma au Nakuru mshororo ule wa mwisho una upande wa pili: kinachoondoka kwa Keats ndicho kinachowasili kwetu.

Jambo jingine la ufundi halionekani kwa sababu halipo: nafsi ya kwanza. Katika utungo wa Nightingale mshairi anajitaja tangu mwanzo, na maumivu ni yake. Katika To Autumn hakuna mimi, hakuna yangu, hata mara moja. Hili linapingana na picha ya mlimbwende anayejililia, na Keats alilifikia kwa makusudi. Oktoba 1818 alimwandikia Richard Woodhouse kwamba mshairi wa aina yake hana nafsi ya kuitangaza, kwamba yeye hujaza vitu vingine, na akajitenga waziwazi na Wordsworth ambaye alimwona amejaa ukuu wa nafsi yake. Kati ya barua hiyo na shairi hili alimuuguza mdogo wake Tom mpaka akafa kwa kifua kikuu, Desemba 1, 1818. Ugonjwa uleule ulikuwa umemchukua mama yao mwaka 1810. Mtu mwenye mengi hivyo ya kusema juu yake mwenyewe aliandika shairi lisilo na yeye ndani. Naliona hilo kuwa jambo la nidhamu ya kazi, sawa na kuhesabu mizani.

Sasa ule ugomvi. Mwaka 1924 Arthur Lovejoy, mwanafalsafa wa Marekani, aliwachosha wote kwa kuonyesha kwamba neno ulimbwende lilikuwa limebebeshwa maana nyingi hata likakosa maana, na kwamba ni heri kuzungumza juu ya ulimbwende mbalimbali. René Wellek akamjibu mwaka 1949 kwamba umoja upo: ubunifu wa fikra katika kuuona ushairi, maumbile katika kuuona ulimwengu, ishara na visasili katika mtindo. Mjadala huo ni wa ramani. Aliyeuleta mpaka mlangoni mwa shairi letu ni mhakiki Jerome McGann, katika makala ya mwaka 1979 na kisha katika kitabu chake The Romantic Ideology cha mwaka 1983.

Hoja ya McGann ni hii. Agosti 16, 1819, katika uwanja wa St Peter's mjini Manchester, askari wa farasi waliuvamia mkutano wa watu wapatao 60,000 waliokuja kudai uwakilishi bungeni. Waliuawa watu zaidi ya kumi, wakajeruhiwa mamia. Ni kisa cha Peterloo. Wiki tano baadaye Keats anaandika shairi la mavuno lenye utulivu mtupu. McGann aliona humo ukimbizi: shairi linaigeuza nchi yenye njaa na damu kuwa bustani, na wahakiki waliolisifu kwa ukamilifu wake wamenaswa na ndoto ileile ambayo ulimbwende uliiuza, kwamba sanaa inaweza kukaa nje ya historia. Helen Vendler, katika kitabu chake kuhusu tungo za Keats kilichotoka mwaka huohuo wa 1983, aliendelea kusoma neno kwa neno, na kwa muda mrefu ilionekana kama mtu lazima achague kambi moja.

McGann aliuliza swali la haki. Keats hakuwa mtu asiyejua siasa. Septemba 13, alipokuwa London kwa shughuli za fedha za George, aliuona umati uliojaa barabarani kumpokea Henry Hunt, msemaji mkuu wa mkutano wa Manchester, na akamsimulia George habari hiyo katika barua. Kuuliza kwa nini hayo hayamo katika shairi ni kulipa shairi heshima. Lakini naamini McGann alisoma mada akaacha kusoma mishororo. Jonathan Bate alikuja baadaye, katika The Song of the Earth ya mwaka 2000, akakumbusha kwamba mwaka 1816 Ulaya haikuona kiangazi, baada ya mlipuko wa volkano ya Tambora wa mwaka 1815. Mazao yaliharibika na watu wakafa njaa. Mwaka 1819 hali ya hewa ilikuwa njema. Mwishoni mwa Agosti Keats alimwandikia dada yake Fanny kwamba miezi miwili ya hewa nzuri ilikuwa furaha yake kubwa kuliko zote. Kwa familia yenye mapafu yale, na kwa nchi iliyokumbuka njaa, jua na nafaka iliyokomaa hazikuwa mapambo.

Na upo ubeti wa pili. Humo majira yanapewa umbo la mtu, kwa tashihisi ambayo haitaji mungu wala malkia. Ni mtu wa kazi. Kwanza ameketi kwenye sakafu ya ghala, upepo wa kupepetea ukimwinua nywele. Kisha amelala kwenye mfereji wa shamba lililovunwa nusu, amelewa harufu ya mipopi, na mundu wake umeliacha salama fungu linalofuata la ngano pamoja na maua yaliyojisokota humo. Mwishoni anakaa kando ya kinu cha kushindika matufaha, anatazama kwa subira matone ya mwisho, saa baada ya saa. Kati ya picha hizo iko ya tatu: mwokota masazo anavuka kijito akiwa na mzigo kichwani.

Waokota masazo walikuwa maskini wa kijiji, aghalabu wanawake na watoto, waliofuata nyuma ya wavunaji kuokota masuke yaliyodondoka. Msomaji wa Biblia anamkumbuka Ruthu. Nchini Uingereza ilikuwa desturi ya zamani na kwa familia nyingi ilikuwa unga wa miezi ya baridi. Mwaka 1788, katika kesi ya Steel na Houghton, mahakama iliamua kwamba sheria haiwapi maskini haki hiyo. Mwenye shamba anaweza kuikataza. Desturi iliendelea vijijini, lakini kuanzia hapo mwokota masazo alikuwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa imeshafika mahakamani na kushindwa. Keats anayapa majira yenyewe, yale yenye utajiri wote wa ubeti wa kwanza, sura ya mwanamke huyo.

Halafu angalia alivyomvusha kijito. F. R. Leavis alilieleza hili mwaka 1936 katika Revaluation, na sijaona aliyelieleza vizuri zaidi. Mshororo wa nane unaishia kwenye kitenzi cha kuweka au kushikilia, na kitu kinachoshikiliwa imara, yaani kichwa chenye mzigo, kinakuja mwanzoni mwa mshororo wa tisa. Ni mshororo mshata: maana haikutosheleka, lazima mguu uvuke. Sauti inasita ukingoni mwa mstari, inapima, inakanyaga upande wa pili, na neno la uthabiti linapokelewa mahali penye mkazo, kabla mwendo wa kawaida haujarudi. Anayesoma kwa sauti hufanya kwa pumzi yake kile ambacho mwanamke yule anafanya kwa shingo na nyayo.

Leavis alikuwa akieleza kwa wasomaji ambao wengi wao hawakuwahi kubeba kitu kichwani. Sisi hatuhitaji kuelezwa. Kuvuka maji na mzigo juu ya ngata ni kazi ya mwili mzima: macho mbele, shingo haitingishiki, magoti yamelegea kidogo, unyayo unatafuta jiwe kabla uzito haujahamia, na mkono hauinuki kushika mzigo ila inapobidi. Hujifunzwa utotoni, kwa ndoo zinazomwagika. Mshororo ule una hatua hiyo hasa, ule muda mfupi ambapo mguu mmoja uko hewani na mzigo haupaswi kujua. Keats hakuweza kuupata kwa kumhurumia mwokota masazo kutoka mbali. Aliupata kwa kumtazama mpaka akajua uzito unakaa wapi, kisha akatafuta mahali katika mizani kumi za Kiingereza ambapo sauti hubeba uzito namna ileile.

Kwa hiyo McGann anapouliza historia iko wapi katika shairi hili, ningemwonyesha mwisho wa mshororo wa nane. Jina la Manchester halipo, wala la Hunt. Yupo mwanamke ambaye sheria ilikuwa imemnyima masuke, amepewa mishororo miwili iliyotengenezwa kwa uangalifu kuliko yote katika shairi, na mzigo wake hauanguki.